Fedha za matajiri wetu ziko Dubai na Mauritius. Nini kinatukwamisha kuwa na benki za kuzitunza hapa Afrika Mashariki?

Mhasibu wa Mtaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma malumbano ya wiki hii kuhusu vituo vya kimataifa vya fedha, yaani maeneo yenye sheria maalumu za kuvutia benki na wawekezaji wa nje. Kigali wana chao, Nairobi wana chao tangu sheria yao ya 2017 na uzinduzi wa 2022, na kila bajeti ikikaribia kuna mtu anauliza cha Dar kiko wapi. Nimehudumia wale wanaoitwa "wateja wakubwa" kwenye benki hapa mjini kwa miaka kadhaa. Nimeshatoka, kwa hiyo naweza kusema bila kumwogopa mtu wa idara ya mawasiliano.

Hoja yangu ni moja. Tunamtafuta tajiri wa Mumbai na Lagos aje asajili kampuni kwenye majengo yetu ya vioo, wakati mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo mwenye mabilioni yake hana wa kumjibu swali dogo: nikifa kesho, hii mali inakwendaje? Asiyeweza kumtunzia jirani yake hawezi kumtunzia mgeni, na mgeni analijua hilo kabla hajapanda ndege.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ya kutunza mali ni ipi. Mtu anakukabidhi mali, unaipanga kwenye hisa, hatifungani (bondi), mifuko ya uwekezaji na fedha za nchi tofauti. Vyeti havikai kwako, vinakaa kwa mtunza dhamana (taasisi nyingine ya kuvihifadhi), ili hata ukikimbia ukimbie mikono mitupu. Mteja akitaka pesa ya haraka hauzi chochote, anakopa kwa dhamana ya mali hiyohiyo. Akifariki, mpango wa kurithisha unaendelea bila akaunti kusimama. Ada huwa karibu asilimia moja ya mali kwa mwaka, na hushuka mali inavyokuwa kubwa.

Sasa linganisha na tunachokiita hapa huduma ya wateja wakubwa. Sofa, kahawa, kadi nyeusi, namba ya simu ya meneja, na kutopanga foleni. Mali ya mteja ukiifungua utakuta amana ya muda maalumu, viwanja vitano, majengo mawili na lori. Meneja analipwa kwa kukusanya amana na kuuza mikopo, kwa hiyo mteja akimuuliza "niweke wapi hela yangu?", jibu linajulikana kabla swali halijaisha.

Mfano unaotajwa kila siku ni Singapore, na unatajwa nusunusu. Ni kweli kodi ilisaidia: mwaka 1968 waliondoa kodi ya zuio kwenye riba ya amana za wasio wakazi, na Bank of America ikapata leseni ya kwanza katika lile soko la dola la Asia. Mshauri wao Mholanzi, Albert Winsemius, alisimulia kwamba wazo lilitokana na saa: San Francisco ikishafunga, Zurich bado imelala, dunia inakosa pa kubadilishia fedha. Singapore ikaingia hapo katikati. Lakini udhibiti wa fedha za kigeni waliuondoa wote mwaka 1978, miaka kumi baadaye. Taasisi ya kufundisha wasimamizi wa mali ilianzishwa 2003. Sheria ya kampuni za kusimamia amana za familia (trust: mali inayoshikwa na msimamizi kwa faida ya wanafamilia), 2005. Kodi ya mirathi ikafutwa 2008. Ofisi za familia, zile zinazosimamia mali ya familia moja tajiri, zilikuwa kama 400 mwaka 2020, na kufikia mwisho wa 2024 zimezidi 2,000. Sisi tunaiangalia hiyo 2,000 halafu tunataka kuanzia hapo.

Na msiseme hatujawahi kujaribu. FBME ilikuwa benki ya Tanzania kwa leseni, makao makuu hapa tangu 2003, huku sehemu kubwa mno ya biashara yake ikifanyika Cyprus kwa wateja wa nje. Julai 2014 FinCEN, kitengo cha Marekani cha kupambana na uhalifu wa fedha, ikaitangaza kuwa tishio la utakatishaji fedha. Benki ilikanusha na kwenda mahakamani, lakini Mei 2017 Benki Kuu (BoT) ikafuta leseni. Wateja wa kawaida waliokuwa na akaunti za mishahara humo wakajikuta kwenye foleni ya mfilisi. Ukifungua mlango wa fedha za wageni bila kuwa na wakaguzi wanaoweza kuzisoma, jina linalochafuka ni la nchi.

Karibuni.

Chuma Ulete

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka mbuyu. Hizi ni benki za mafisadi. Tumesahau mabilioni ya Uswisi? 2012 Zitto Kabwe alipeleka hoja binafsi bungeni, wabunge wakapiga makofi, kikaundwa kikosi, mpaka leo sijaona hata jina moja. Sasa tuwajengee benki hapahapa wasisumbuke na nauli?

Nimekaa Pale

Mimi nina laki mbili na nusu, hiyo asilimia moja nimlipe nani 😂

Mhasibu wa Mtaa

Chuma Ulete, hofu yako ni halali wala siibezi. Ila tazama Uswisi yenyewe. Sheria yao ya usiri ni ya 1934. Mwaka 2009 benki yao kubwa, UBS, ililipa Wamarekani dola milioni 780 na kukabidhi majina ya wateja. Wegelin, benki iliyokuwapo tangu 1741, ilikiri kosa Marekani mwaka 2013 na kufunga mlango. Sasa nchi zaidi ya mia moja zinabadilishana taarifa za akaunti zenyewe kwa zenyewe kila mwaka. Biashara ya kuficha inapungua, biashara ya kutunza ndiyo iliyobaki. Mwizi wa mali ya umma hatakuja kwenye benki ya Dar anakotambuliwa na karani; atakwenda kusikojulikana jina la baba yake.

Anayekosa huduma ni yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kahama ambaye amepata hela halali na haijui kazi nyingine zaidi ya kununua kiwanja.

Kijana wa Bondi

Mkuu, swali langu ni la hesabu. Mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani ya miaka 25 kwa asilimia 15.95. Unaweka hela, kila baada ya miezi sita kuponi (riba ya bondi) inaingia. Milioni moja tu unaanza nayo, kupitia benki au wakala wa soko la hisa la Dar (DSE). Nimlipe mtu asilimia moja aniambie nini ambacho sijui?

Mhasibu wa Mtaa

Kijana, umegusa mfupa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya biashara hii kutokua hapa, na watu wa semina hawaisemi. Serikali ikilipa hivyo, mshauri hana la kuuza. Mwaka uliofuata walishusha kuponi ya miaka 25 ikawa 12.56, na siku hiyohiyo simu zikaanza kulia: "sasa niweke wapi?"

Lakini jipigie hesabu ya pili. Mwaka 2021 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,700. Kama mtoto wako anasoma Malaysia, kuponi yako imekatwa bila mtu kukutangazia. Wakenya wamepanda bembea kali zaidi: Januari 2024 dola iligusa shilingi 160, miezi michache baadaye ikawa 130. Aliyekimbilia dola Januari akidhani anajiokoa alipigwa Aprili. Kazi ya meneja ni kumwuliza mtu matumizi yake ya miaka kumi ijayo yatakuwa kwa fedha gani, kabla ya kumwambia anunue nini. Nimekaa na wateja wazito ambao hawajawahi kuulizwa swali hilo na benki yao.

Jamaa wa Githurai

Hamjambo wadau, mnivumilie na Kiswahili changu cha Nairobi.

Huku kwetu sheria ya 2021 ilifungua njia ya amana za familia, na zikapewa nafuu za kodi, kwa hivyo mawakili wa Upper Hill wamepata kazi mpya. Kisha tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ikapanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Hapo ndipo mwenye pesa anachoka. Si hiyo 15 yenyewe, ni kutojua mswada wa fedha wa mwaka ujao utaleta gani. Mtu anayepanga miaka thelathini anataka kanuni zikae angalau kumi.

Lakini msituhurumie sana. Mifuko ya pamoja imekua vibaya, mwaka 2024 ilivuka shilingi bilioni 300, na wengi walioingia ni watu wa elfu tano elfu kumi kupitia simu. Hao ndio watakuwa wateja wa benki za matajiri baada ya miaka ishirini. Shida yetu ni kumbukumbu. Imperial Bank 2015, Chase Bank 2016. Chase ilikuwa benki ya watu wenye tai, si kibanda. Bima ya amana Kenya ni shilingi laki tano. Ukiwa na milioni hamsini, laki tano ni nauli ya kwenda kortini.

Wakili wa Temeke

Naomba niongezee upande wa mirathi kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Tanzania Bara mtu akifa, swali la kwanza mahakamani ni atarithiwa kwa sheria ipi. Tuna sheria za kimila zilizoandikwa 1963, tuna sheria ya Kiislamu, na tuna Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ndiyo, ya India, iliyokuja na Mwingereza na haijaondoka. Kama marehemu hakuacha wosia, mahakama inaangalia alivyoishi: alifuata mila za kwao, aliishi Kiislamu, au alijitenga na yote mawili. Hebu fikiria marehemu Mhaya, Mkristo, aliyeoa Tanga, duka lake liko Mwanza, watoto wamezaliwa nje ya ndoa na ndani. Kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa, mirathi inafunguliwa, tangazo linatolewa, pingamizi linakuja. Muda wote huo akaunti imesimama na mwenye bidhaa bandarini anadai ushuru. Biashara inakufa kabla hata watoto hawajaanza kugombana vizuri.

Kuhusu amana ya familia: kuiandika inawezekana. Ila unakuwa umesimama juu ya kanuni za haki za Kiingereza kama tulivyozipokea, na tarehe ya mapokezi ni 22 Julai 1920. Sheria yetu ya kuunganisha wadhamini inahudumia zaidi misikiti, makanisa na vyama. Ndiyo maana mteja wangu mwenye majengo Dar na Mwanza anashauriwa aunde amana Mauritius, ambako kuna Sheria ya Amana ya 2001 na ya taasisi za familia ya 2012, hakuna kodi ya faida ya mtaji, na udhibiti wa fedha za kigeni uliondolewa 1994. Rwanda wameliona hili, walitunga sheria ya amana 2021. Sisi bado tunabishana kuhusu jengo.

Bint Shangani

Kaka Wakili, umesahau kwamba pwani tulikuwa na hicho kitu kabla ya Mwingereza hajatuletea vyake. Wakfu ni nini kama si mali iliyofungwa isiuzwe, na mapato yake yakaenda kwa watoto, wajukuu, msikiti na masikini? Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu, na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana mpaka leo. Na ukizungumzia benki za matajiri, nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyoshika forodha ya Unguja karne ya 19 na kumkopesha Sultani. Misafara ya kina Tippu Tip ilikwenda bara kwa mtaji wa Taria Topan. Kanda hii ilikuwa na kituo cha fedha na hakikuwa na ghorofa hata moja la vioo.

Ila nisiwapambie. Wakfu nyingi ziliharibika mikononi mwa wasimamizi. Kodi za nyumba zilibaki za kutupwa, paa likavuja, wanufaika wakafika mia kwenye nyumba moja na hakuna wa kutoa pesa ya chokaa. Na benki zikitaka wateja wa huku zijue mambo mawili: Muislamu hawezi kuusia zaidi ya theluthi, wala mrithi mwenye fungu lake kisheria hausiwi, na riba haiingii. Sukuk (hatifungani zisizo na riba) zimeanza, KCB Tanzania walitoa yao 2022 na Serikali ya Zanzibar ikafuata 2025, lakini bidhaa ni chache mno kumjengea mtu mpango kamili.

Chuma Ulete

Bint Shangani leo umenifundisha. Lakini bado sijajibiwa, kwa nini Dubai? Na wao si walikuwa orodha ya kijivu, ile ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kuzuia utakatishaji fedha?

Mhasibu wa Mtaa

Walikuwa, kuanzia Machi 2022 hadi Februari 2024, na fedha zikazidi kumiminika. Tanzania tuliingia Oktoba 2022 tukatoka Juni 2025. Uganda walikaa 2020 hadi 2024. Kenya wameingia Februari 2024. Kwa hiyo orodha peke yake haielezi kitu. Tofauti ni kwamba Dubai ina benki za nje zinazoitaka. Sisi tukiorodheshwa, benki washirika wa New York, wanaotupitishia dola, wanaona heri kufunga uhusiano kuliko kulipa mtu wa kutuchunguza.

Walichofanya Dubai ni kujenga mahakama kabla ya kuleta matajiri. Kituo chao cha DIFC cha mwaka 2004 kina mahakama zake, zinazofuata taratibu za Kiingereza. 2015 wakaanzisha sehemu ya kusajili wosia za wasio Waislamu, kwa sababu waligundua wageni wanaogopa kufa wakiwa pale. Unaona? Ni lilelile swali la mirathi.

Na kuna jambo la tabia ya serikali yetu. Novemba 2018 maduka ya kubadilishia fedha Arusha yalikaguliwa na BoT wakiwa na askari. Machi 2025 zikaja kanuni za kukataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Sina ugomvi na shabaha ya kanuni, nchi lazima ilinde fedha yake. Ila mwenye nyumba za kupangisha kwa dola alichosikia ni "siku moja watagusa na akaunti". Aliyesikia hivyo hapelekwi na kipeperushi chochote kurudisha hela.

Jamaa wa Githurai

Na soko moja moja ni dogo jamani. Standard Chartered 2023 walikubaliana kuwauzia Access Bank biashara ya wateja binafsi Tanzania. Novemba 2024 wakasema wanaangalia kuuza ya Uganda pia. Hawa ndio walikuwa na jina la kuhudumia wenye nazo. Kama wao wanaona hesabu haitoki, nani ataiona?

Mhasibu wa Mtaa

Fanya hesabu uone kwa nini haitoki. Meneja mmoja anaweza kuhudumia vizuri wateja 40. Tuseme kila mmoja ana dola 300,000 za kuwekezwa, ukiondoa viwanja. Hiyo ni milioni 12, ada ya asilimia moja ni dola 120,000 kwa mwaka. Toa mshahara wake, mchambuzi, mfumo wa kompyuta, mtunza dhamana, mtu wa kuzuia utakatishaji, wakili. Kinachobaki hakimpendezi mwenye benki kubwa, wakati kuikopesha serikali hakumgharimu jasho.

Hesabu inaanza kutoka pale mfumo, wachambuzi na wakili wanapogawanywa kwa wateja wa Dar, Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura kwa leseni moja. Kwenye karatasi tunaruhusiwa: Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 inataja uhuru wa mitaji, na Tanzania ilifungua mlango kwa wakazi wa Afrika Mashariki 2014, kwa masharti. Kwa vitendo, mfuko uliosajiliwa Dar unaanza upya kuomba ruhusa Nairobi. Sarafu moja iliyoahidiwa 2024 imesogezwa 2031. Badala ya kuunganisha leseni, kila mji mkuu umechonga kituo chake na kuwanong'onezea wageni walewale.

Nimekaa Pale

Mkuu, utani pembeni. Sisi wa laki mbili tunaingiaje?

Mhasibu wa Mtaa

UTT, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, ilianza na Mfuko wa Umoja 2005, leo mifuko yake ina zaidi ya trilioni 2. Hapo ndipo watu wanapojifunza kusoma taarifa ya mfuko, kujua thamani ya kipande inapanda na kushuka, na kutomwamini anayeahidi asilimia 30 kwa mwezi. Walioumizwa na upatu wa DECI 2009 hawakuwa wajinga, hawakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Muuza duka aliyekaa kwenye mfuko miaka kumi ataelewa ada ya asilimia moja ni ya nini. Aliyetoka kwenye kiwanja moja kwa moja hataelewa, na atakuwa sahihi kuikataa.

Chuma Ulete

Sawa. Basi tukipata hivyo vyote, tuna uhakika gani fedha chafu hazitakuja nyuma yake?

Mhasibu wa Mtaa

Hatuna, na Singapore hawakuwa nao. 2016 walifunga benki za BSI na Falcon kwa sababu ya sakata la 1MDB, mfuko wa serikali ya Malaysia ulioibiwa. Agosti 2023 wakakamata wageni kumi, mali zikafika zaidi ya dola bilioni 3 za kwao, wote wakafungwa. Julai 2025 taasisi tisa zikatozwa faini ya jumla ya dola milioni 27.45 za kwao. Msimamizi anayeweza kuifunga benki ya tajiri hadharani, na kesho yake tajiri mwingine akabaki, huyo ndiye ninayemtaka kabla ya jengo.

Wakili wa Temeke

Kwa wanaouliza waanzie wapi wakati serikali zinajipanga: wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na wanautunza. Weka mashahidi wanaotakiwa, taja hatifungani na vipande vya mifuko kwa namba zake, na mwambie mtu mmoja unayemwamini ulipo. Nimefungua mirathi ambazo familia haikujua kama marehemu ana akaunti DSE.

Kijana wa Bondi

Wakili shukrani. Mhasibu, la mwisho: nikihitaji hela ya mzigo kabla ya kuponi, lazima niuze bondi?

Mhasibu wa Mtaa

Hapana. Hatifungani ya serikali inawekwa dhamana, benki inaomba zuio kwenye akaunti yako ya dhamana BoT na unakopa huku kuponi ikiendelea kukuingia. Uliza riba kwanza: ikizidi kuponi yako kwa mbali na mzigo unakaa bandarini miezi minne, heri uuze sehemu. Na omba sehemu ya bondi ndiyo izuiwe, si yote, kwa sababu maofisa wengi watakuandikia yote usipouliza.